Mwenye Nyumba na Mkia wa Pikapu

Aliendesha gari pekupeku. Hata Januari, lami ya Bordesley Green, mtaa wetu wa Birmingham, ikiwa imeganda, alivua viatu vyake, akavisukuma chini ya kiti, akaweka unyayo mtupu juu ya pedeli ya mafuta. "Nikivaa kiatu," alisema, "sisikii gari linataka nini."

Wapangaji tulimwita Mwenye Nyumba, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa kuwa jina lake hakupenda litamkwe na watu asiowazaa. Habari za ukoo wake sizijui vya kutosha kuzisimulia. Nilimkuta tayari ni mtu mzima, mjane, Mhindi Mwislamu wa Mombasa, mwenye mtoto mmoja wa kiume aliyekwisha kukua, na nyumba ya matofali mekundu iliyobanwa kati ya nyumba nyingine za namna hiyo hiyo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi kutoka Machakos. Hospitali ilikuwa karibu, na kodi yake ilikuwa na chai ndani yake.

Nilipofika nilidhani Kiswahili ni changu na yeye amekiazima. Jioni ya kwanza nilimwita kutoka bafuni nikamwambia, "Mama, maji imeisha." Akapanda ngazi pole pole mpaka mlangoni. "Yameisha," alisema. "Maji yameisha. Maji hayajakukosea kitu, mwanangu, mbona unayavunja hivyo?" Tangu siku ile kila sentensi yangu ilipita mkononi mwake kwanza. Kiingereza hakukitaka. Alikijua kidogo, cha sokoni, lakini alikishika kwa ncha za vidole, kama kitu kilichookotwa njiani.

Alikuwa mkali wa mafuta ya taa. Jiko la kupashia joto liliwashwa jioni tu, tena baada ya yeye mwenyewe kuona pumzi yake sebuleni. Lakini sijawahi kurudi kutoka zamu nisikute kikombe cha chai ya tangawizi kwenye ngazi, kimefunikwa kwa kisahani. Kama ulikishukuru, alikasirika. Kama hukukinywa, alikasirika zaidi. Ndani ya gari la mtu mwingine alitapika, hata safari ikiwa fupi. Ndani ya lake aliimba.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ndogo ya kijani kilichochujuka, na ndiyo iliyomlisha. Alfajiri alikwenda nayo soko la jumla, akapakia bamia, dhania, pilipili, mihogo na ndizi mbichi, akavisambaza kwenye maduka na majumba ya watu waliotoka mbali, mpaka Kings Heath juu kilimani. Mzigo ukiisha, saa mbili asubuhi, alinipeleka hospitali.

Kijana aliyekuwa na pikapu ile kabla yake aliota mashindano. Aliitoa injini yake ya asili akapachika injini kubwa ya gari la saluni lililopata ajali. Kisha akaoa, na mkewe akamwambia achague. Mwenye Nyumba aliinunua kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mbele ilikuwa nzito kama nyati, nyuma ilikuwa sanduku tupu la bati. Barabara ikiwa kavu, ilipaa. Barabara ikilowa, na Birmingham barabara hukauka kwa nadra, magurudumu ya nyuma yalizunguka bure na mkia ukaanza kutafuta njia yake mwenyewe.

"Ina wazimu kidogo," alikubali. "Nimewahi kuishi na wenye wazimu zaidi."

Asubuhi moja ya Novemba tulikuwa tunakata kona kwenda hospitali, tumeshateremsha mzigo wote. Majani yaliyolowa yalikuwa yametandazwa barabarani. Mwanamke mwenye kigari cha mtoto alikuwa amevuka mbele yetu muda huo huo. Mwenye Nyumba akakanyaga mafuta, mkia ukateleza, naye akashtuka, akaondoa mguu. Hapo pikapu ikageuka yote. Niliona nyumba zikizunguka kiooni, kisha tukasikia matofali yakianguka. Tulikuwa tumeupiga kwa nyuma ukuta mfupi wa bustani ya mtu, mahali ambapo kile kigari kilikuwa kimepita sekunde chache tu kabla.

"U mzima?" aliniuliza.

"Mzima, Mama."

Akashuka bila viatu, akamwendea yule mwanamke aliyekuwa amesimama na mkono mdomoni. Aliinama juu ya kigari akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amelala. Akamtazama muda mrefu. Aliporudi, aliificha mikono yake ndani ya koti.

Mwanawe alikuja jioni ile. Alikuwa karani wa bima, mtu mpole mwenye tai nyembamba, na alimpenda mama yake kwa hofu. Alichukua ufunguo wa pikapu kutoka kwenye msumari wa jikoni.

"Mama, inatosha," alisema. "Kaa nyumbani. Mimi nitakulisha."

"Nimekwambia nina njaa?"

"Ungeua mtu."

Aliendelea kukata vitunguu mpaka vikaisha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea kwake, "Najua. Nipe mpaka baridi iishe. Sitampakia mtu. Ikinishinda, nitaiuza kwa mkono wangu."

Mwana alimtazama, akautia ufunguo mfukoni, akautoa tena, akaurudisha msumarini. Juma lililofuata alileta na matairi mawili mapya, ya aina ile iliyokuwa imeanza kuenea, yenye ubavu laini na kushika barabara vizuri. Akayafunga mbele. Ilikuwa zawadi ya mapenzi, na iliharibu mambo kabisa.

Kule Nechells, chini ya daraja la reli, palikuwa na fundi, Mhindi wa Kisumu mwenye kilemba na Kiswahili cha bara. Nilikuwepo Mwenye Nyumba alipompelekea pikapu, kwa kuwa alitaka mtu wa kumshuhudia asije akadanganywa. Mimi nilikwenda kwa basi. Tangu ule ukuta sikutaka tena kupanda chombo kile, hata kama angeniruhusu.

Fundi aliizunguka, akabonyeza nyuma kwa mikono miwili. Haikushuka.

"Mama, hii gari rudishia injini yake ndogo. Mambo kwisha."

"Gari hili," alisema Mwenye Nyumba.

"Hii, hili, yote itaingia ukuta."

"Injini ndogo haipandi Kings Heath na mzigo. Sitaki ndogo. Nataka hii hii, na nataka itulie."

"Si kazi ya siku moja hiyo."

"Kwani nimekuuliza siku?"

Fundi akacheka, na nadhani ni hapo alipoikubali kazi.

Kwanza aliyatoa yale matairi mapya mbele. "Mbele inashika, nyuma inaachia," alieleza. "Nyuma lazima itakimbia kupita mbele. Afadhali zote nne mbaya kuliko hivi." Mwenye Nyumba akatafuta mawili mengine ya aina ile ile, yakafungwa yote manne, na mwanawe hakuambiwa kitu kilichomwaibisha. Aliambiwa tu kwamba zawadi yake imepata wenzake.

Siku hizo serikali ya mji ilikuwa ikibomoa mitaa mizima ya nyumba kuukuu za Nechells, na viwanja vilivyobaki vilikuwa wazi, vumbi la makaa na matope, hakuna mtu wa kumgonga. Hapo ndipo Jumapili zetu zilipokwenda. Mwenye Nyumba alipanga makreti ya kabichi katika mstari, akajifunga kilemba cha sufu, akavaa koti la marehemu mumewe, na kuizungusha pikapu baina ya makreti huku mimi na fundi tukiwa tumesimama kwenye kipande cha ukuta. Watoto wa Kiingereza walikuja kutazama. Kabichi zilizogongwa tulikula wiki nzima.

Alikuwa na sharti moja: kitu kimoja kwa Jumapili moja. "Ukibadilisha viwili pamoja," alimwambia fundi, "tutajuaje kipi kimesaidia na kipi kimeharibu?" Fundi, ambaye angependa kumaliza na kwenda zake, alinung'unika lakini akatii.

Walianza na magunia ya mchanga. Mwenye Nyumba aliyapanga mwenyewe, yote nyuma kabisa, kwenye mlango wa karai, yaani lile sanduku la mizigo. Alipoondoka magurudumu yalishika, akapiga honi kwa furaha. Alipofika kwenye kreti la kona, uzito ule wote ukauvuta mkia kama jiwe mwisho wa kamba, na pikapu ikazunguka mara mbili. Alishuka na matope hadi kidevuni. Alianza kuyaburura magunia mbele, moja moja, akikataa msaada wetu, mpaka yakakaa juu ya ekseli yenyewe. Safari hii kreti lilibaki limesimama.

Lakini mchanga ulikula nafasi ya mboga, kwa hiyo haikutosha. Jumapili nyingine betri ilihamishwa kutoka chini ya boneti ikajengewa kisanduku nyuma ya kiti, uzito ule ukatoka mbele ukaenda nyuma bure bila kulipiwa nafasi. Jumapili nyingine fundi alizifungua springi za nyuma. Yule kijana wa mashindano alikuwa ameongeza mabamba ya chuma juu ya mabamba, na nyuma ikawa ngumu kama benchi. Ikiwa tupu, gurudumu lilirukaruka badala ya kukaa chini. Akapunguza mabamba, akafunga shokabu mpya. Nilipoona pikapu ikivuka mashimo ya kiwanja bila kurusha mkia, niliwaza kwamba kazi imekwisha.

Haikwisha. Mwenye Nyumba alipoondoka kwa nguvu kupanda kilima kidogo cha kifusi, nyuma yote ilitetemeka, tu-tu-tu-tu, kama mbuzi anayevuta kamba. Fundi akalala kifudifudi kwenye matope na kilemba chake safi cha Jumapili.

"Ondoa tena, Mama! Tena!"

Alipoinuka uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyemwona mwizi. Injini ile kubwa, alisema, ilikuwa ikiisokota ekseli; springi zilijikunja, zikajinyoosha, zikajikunja, na kila mara gurudumu liliachia ardhi. Alichomelea fito mbili za chuma, kila upande moja, kutoka kwenye ekseli mpaka kwenye fremu, ili ekseli isiweze kujisokota tena. Jumapili iliyofuata pikapu ilipanda kifusi kimya kimya, na wale watoto wa Kiingereza wakapiga makofi.

Hata hivyo, kwenye mstari wa kabichi, kreti la mwisho liliendelea kuanguka. Si kila mara, ila mara nyingi vya kutosha. Fundi alitazama safari kadhaa, mikono nyuma. Kisha akaenda kwenye dirisha la dereva, akasema jambo ambalo mimi nisingethubutu.

"Gari iko sawa sasa. Mguu wako bado."

Nilisubiri amrekebishe "iko". Hakumrekebisha.

"Ukiogopa," fundi akaendelea, "unaachia mafuta ghafla. Hapo uzito yote inaruka mbele, nyuma inabaki hewani. Hapo ndio inageuka. Ukiogopa, punguza pole pole. Usiruke."

Mwenye Nyumba alitazama mbele, kupitia kioo chenye matope.

"Basi ule ukuta niliugonga mimi."

"Nusu wewe, nusu gari."

"Nusu ya gari umeshaitengeneza," alisema.

Siku hiyo hakuendesha tena. Aliingia ndani ya ukimya uliotutia hofu wapangaji wote, mpaka mmoja wetu akajaribu kuuvunja kwa kuacha taa inawaka makusudi, na hakufokewa. Lakini Jumapili iliyofuata alirudi kiwanjani, na iliyofuata, na iliyofuata, bila kubadilisha bolti hata moja. Alijifunza kuondoka kwa gia ya pili kwenye utelezi. Alijifunza kuulegeza mguu kama mtu anayemlaza mtoto aliyeshikwa na usingizi. Mara nyingine alijitisha makusudi: aliniagiza nipige kelele wakati asioutarajia, naye akazuia unyayo wake usiruke. Nilipiga kelele kwenye kiwanja kile mpaka sauti ikakauka.

Majira ya kuchipua yalipofika alimwita mwanawe, akamkalisha kiti cha abiria. Wakazunguka makreti yote kwenye matope, kwenda na kurudi. Mwana aliposhuka alikuwa amepauka kidogo, lakini hakuomba ufunguo. Alisema tu, "Endesha, Mama," akaenda kuokota kabichi moja iliyoanguka yenyewe.

Mimi bado sikupanda. Nilisema napenda kutembea. Yeye hakunibembeleza. Kila asubuhi alinipita njiani kuelekea hospitali, akapiga honi mara moja, akaenda zake.

Nilipanda mwaka ule Waasia walipofukuzwa Uganda. Dada yake, mjane kama yeye, alikuwa mmoja wao. Wawili hao walikuwa hawajasemezana miaka mingi kwa ajili ya ugomvi ambao kila mmoja aliueleza kwa namna yake, na ambao mimi sikuuelewa hata mara moja. Kisha ikaja simu kwa jirani: dada yuko Uingereza, wamempeleka kambi ya zamani ya jeshi, magharibi huko vilimani, na kifua kinambana.

Mwana alisema angekwenda na gari lake barafu ikiyeyuka, kesho kutwa pengine. Mwenye Nyumba alikuwa tayari anapakia mablanketi. Alinitazama mimi, si kwa kuomba. "Wewe ndiye unayejua vifua," alisema.

Nikapanda.

Njia nzima alimsema dada yake: ubahili wake, mapishi yake, jinsi alivyojiona. Nyuma yetu karai lilikuwa na mablanketi na magunia mawili ya mchanga tu. Mbele ya kambi palikuwa na kilima kirefu chenye kona, kimefunikwa na theluji iliyokanyagwa ikawa kioo. Gari moja la mizigo lilikuwa limekwama katikati, magurudumu yakizunguka na kutoa moshi, na dereva wake akatupungia mkono turudi.

Mwenye Nyumba akaacha kumsema dada yake. Akatia gia ya pili. Tulipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, tukalipita lile gari kwa upande wa bonde, na pale kwenye kona nikausikia mkia ukianza kwenda. Mwili wangu mzima ulitaka aachie mafuta ghafla. Nikautazama mguu wake. Unyayo ule mtupu, uliopasuka kisigino, ulilegea taratibu, upana wa kucha tu. Mkia ukarudi. Magurudumu yakauma, na tukaendelea kupanda, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimemshika bega.

"Niachie," alisema. "Nabadilisha gia."

Dada yake alikuwa mlangoni mwa banda, ndani ya koti la kiume alilopewa na watu wa hisani. Walitazamana. Upepo ulikuwa mkali.

"Nani amekuleta kilima kile?" aliuliza dada.

"Nimejileta."

"Wewe? Basi mimi nitakaa nyuma na magunia, niweze kuruka."

"Kifua kama hicho utaruka wapi? Ingia mbele."

Akaingia mbele. Tulibanana watatu, dada katikati, nikimsikiliza anavyopumua. Tulipoanza kuteremka kilima alifumba macho na kushika goti la Mwenye Nyumba kwa mikono yote miwili, na hakuliachia hata tulipofika barabara kavu, hata walipoanza kugombana tena, kabla ya Birmingham, kuhusu ni nani kati yao aliyekuwa mkubwa wa akili.

Dada alikaa katika nyumba ile mpaka mwisho. Pikapu haikufika mbali hivyo. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi iliila kutoka chini, miaka michache baadaye. Siku ilipokataliwa kwenye ukaguzi wa magari, Mwenye Nyumba alichukua pikapu nyingine, changa zaidi, na swali lake la kwanza kwa muuzaji lilikuwa jinsi inavyokaa nyuma ikiwa tupu.

Mara ya mwisho kuonana naye na kuzungumza hasa ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya sabini. Nilikuwa nimeshahamia Kings Heath, nina wodi yangu mwenyewe, na rafiki yangu wa kazini alinishawishi niende naye bwawa la manispaa asubuhi ya wanawake. Nilitoka chumba cha kubadilishia nguo, nimeshaoga, nikakuta, katika upande wa maji mafupi, mama mzee aliyevaa suruali pana na kanzu ndefu iliyofura maji kama puto, ameshika chuma cha ukingo kwa mikono miwili.

"Mama?"

"Usisimame hapo na maji yanakudondoka," alisema. "Daktari amesema magoti. Amesema niingie majini, magoti yatapona. Nimezaliwa Mombasa, sijawahi kuingia maji yaliyopita kifundo cha mguu."

"Unaendeleaje?"

"Nazama." Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Yule binti anayefundisha ananishika tumbo. Akinishika sizami, kwa hiyo sijifunzi kitu. Leo nimemwambia akawafundishe wengine."

Niliingia nikasimama kando yake. Nilitaka kumwekea mkono mgongoni, yeye akautazama mkono wangu mpaka nikaurudisha. Kisha akajaza kifua hewa, akaachia chuma, akajisukuma kuelekea ng'ambo.

Haikuwa nzuri kutazama. Mikono ilipiga maji kama anayefukuza kuku, kanzu ikamfunika kichwa, na mwalimu akapaza sauti kwa Kiingereza kutoka mwisho wa bwawa. Nilitembea majini sambamba naye, nikijizuia. Katikati alipotea. Akaibuka, akapotea, akaibuka, na mkono wake ukakishika chuma cha upande wa pili.

Alikohoa kwa muda mrefu. Alipoweza kusema, hakuniuliza kama nimefurahi.

"Umeitazama miguu?"

"Nimeitazama, Mama."

"Sema kweli."

"Wa kushoto unazama. Unauburuta."

Akautazama mguu ule kupitia maji ya kijani, akaugeuza huku na huku, akaukunja, akaunyoosha. Kisha akaifunga kanzu fundo kiunoni, akageukia upande alikotoka, akaachia chuma.